Kabla Hujapanda Basi Kumchukua Pendo

Masukulu, Rungwe

Mke wangu Mama Pendo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama yangu unayemuuguza hapo kitandani kwake, na wote mnaoota jua la Iramba bure bila hata kulishukuru. Mguu wa Mama unaendeleaje? Anaweza kukaa nje kidogo sasa? Na wewe, kile kifua cha vumbi kimeachia? Sisi huku tunapumua. Nguo hazikauki, lakini Pendo anakula, anacheka, ananibishia kila neno, kwa hiyo usianze kulia kabla hujafika katikati ya barua.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Nikisema neno moja wewe unasema matano, halafu unakata. Karatasi haina pa kukatia. Barua anakuletea Yohana wa Kinampanda, dereva mwenzangu wa malori ya majani ya chai, anakuja likizo. Nimempa na furushi la chai yenu, nimelifunga mwenyewe kwa uzi mweusi. Ukikuta limefungwa kwa uzi wa rangi nyingine uniambie.

Ulisema hivi: "Wanamfunga mwanangu kizazi na wewe baba yake umekaa unaangalia." Ukasema unakuja kumchukua. Neno hilo limeniuma, Mama Pendo. Limeniuma zaidi kwa sababu na mimi nililisema kabla yako, tena kwa sauti, mbele ya watu. Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, halafu ukasirike ukiwa unajua unachokasirikia.

Unakumbuka kipindi cha mvua kubwa nilikwambia Pendo anaumwa koo. Likapona lenyewe. Baadaye goti likavimba. Kabla goti halijatulia vizuri, kiwiko kikaanza. Kiwiko kikaacha, kikaja kifundo cha mguu. Nikasema maumivu gani haya yanayohama kama mpangaji? Wewe ukasema ni baridi ya huko, mkande kwa maji ya moto. Nikamkanda, yakaisha, tukamshukuru Mungu. Lakini tangu hapo akipandisha kilima na ndoo ya maji anakaa chini katikati ya njia, anashika kifua, anasema "Baba, ngoja kwanza." Pendo huyu aliyekuwa anawakimbiza mbuzi wa babu yake mpaka mbuzi wanachoka.

Ndipo wakaja madaktari wa utafiti. Walitangazwa kanisani. Wanachunguza magonjwa ya viungo na ya moyo, haya yanayokaa mwilini miaka na miaka. Wazee wenye baridi yabisi waende, na watoto waliowahi kuvimba magoti waende. Bure. Tena ukishapimwa unapewa sabuni na sukari. Mimi unanijua, hata maziwa ya jirani nayanusa kabla ya kunywa. Nikajiuliza, hapa duniani nani anakupa sukari ili ukubali akutibu? Mgonjwa ndiye anayembembeleza daktari, sio daktari ambembeleze mgonjwa.

Pale kituoni tunapopimia majani ndiyo usiseme. Mmoja anasema damu inapelekwa Ulaya, inatengenezwa dawa, inarudi tunauziwa wenyewe. Mwingine anasema ile mashine wanayokupaka ute wa baridi kifuani inavuta nguvu ya moyo. Wanawake wakasema sindano ni za kuwafunga mabinti kizazi. La ute sikuliamini. La damu na la sindano yaliniingia, nikayaweka.

Halafu akapita kijana mmoja na kishikwambi, nyumba kwa nyumba. Mnalala wangapi chumba kimoja? Mnapikia wapi? Bibi na babu walivimba viungo? Nikamuuliza, "Ukijua tunalala wangapi, unataka kuja kulala?" Akacheka, akaandika kitu. Sikukipenda alichoandika, na sikukiona.

Lakini Pendo alikuwa anakaa chini njiani. Nikasema nitampeleka, ila nitakuwa macho.

Siku yenyewe tulipanga foleni nje ya ukumbi wa kanisa. Ndani alikuwa Sekela na mwanawe mdogo, Lusajo. Sekela ni mkamwana wa mwenye nyumba wangu, mzee Ambakisye. Anakaa jirani tu na mumewe. Tangu nihamie hapa nilikuwa namwona Sekela akikwepa kupita uani kwa mzee, anazunguka nyuma kwenye migomba hata akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Nikajua wana ugomvi wa shamba. Sikumuuliza mtu, nilishajipa jibu.

Basi tupo hapo, mara mlango unafunguka kwa kishindo. Sekela huyo, mbio! Kanga kajivutia kichwani kafunika uso mzima, kandambili moja imebaki mlangoni, na mtoto kamwacha ndani. Kamwacha mtoto, Mama Pendo! Akapita katikati yetu, akapotelea migombani. Na Sekela si mwoga. Nilishamwona akimuua nyoka kwa mpini wa jembe, mumewe kasimama nyuma yake.

Damu ikanichemka. Nikajua ameona kitu humo ndani. Yale maneno yote ya kituoni niliyokuwa nimeyaweka yakatoka kwa pamoja. Nikapaza sauti: "Jamani, mama gani anamwacha mtoto wake akakimbia? Wanafunga watoto kizazi humo!" Nikamshika Pendo mkono tukaondoka, na watu wakatufuata, akina mama wamebeba watoto, wengine wanakimbia. Nesi akatoka amembeba Lusajo, anaita, "Mama Lusajo! Mama Lusajo jamani!" Hakuna aliyegeuka. Nilijiona mwanamume siku ile. Nikajisema nimeokoa mabinti wa kijiji kizima.

Kesho yake asubuhi niko kituoni napakia majani, Sekela huyo anakuja na kapu lake la chai.

"Ugonile, Baba Pendo."

"Ndaga," nikaitikia salamu ya kwao.

"Nasikia umewaambia watu nimekimbia sindano."

"Ulikimbia nini, basi?"

Akaweka kapu chini, akashika kiuno. "Mimi nimezaa kwa uchungu, nikimbie sindano? Baba mkwe wangu aliingia! Wale madaktari wamemhurumia magoti, wakampitisha mlango wa nyuma asipande ngazi. Nimeinua macho hivi, namwona kasimama. Sasa ulitaka nifanye nini?"

Nikamwambia sielewi. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kwao mkamwana hatakiwi kumtazama baba mkwe, wala kukaa naye chumba kimoja, hata jina lake halitamki. Akimsikia anakuja, anapisha njia, anajifunika. Mijini wameacha, lakini kwa mzee huyu bado ni sheria. Ndiyo maana anazunguka na kuni migombani. Hakuna ugomvi wa shamba. Yule daktari aliyemkaribisha mzee ni kijana wa Dar, angejuaje?

"Mzee alipotoka nikarudi kumchukua mwanangu," akasema. "Lusajo ameshapimwa, yuko salama. Wa kwako je?"

Wapakiaji walicheka mpaka wakaacha kufanya kazi. Mimi nikajifanya nafunga turubai. Aibu niliyoipata, Mama Pendo, sijawahi kuipata hata siku ile ya posa kwenu nilipokaa kwenye kiti cha mjomba wako. Na jioni yake Pendo akakaa tena chini njiani.

Wale madaktari walikuwa wameshahamia Isongole. Nikaomba ruhusa kazini, tukafika Tukuyu, tukachukua bodaboda, tukapanda juu kwenye mashamba ya viazi. Baridi ya huko inakata masikio, Pendo amevaa koti langu mpaka magotini. Nesi aliponiona akanitambua. Nilisubiri anisute. Akasema tu, "Karibu baba, mtoto apumzike kwanza." Ukarimu huo nao niliutilia mashaka.

Wakampima. Mashine ni ileile wanayotumia kwa wajawazito, nilisimama pale pale naiangalia. Daktari akasema lile koo la wakati wa mvua ndilo lililoleta magoti, na magoti yamepona lakini koo hilo limemgusa moyoni. Kuna mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, damu kidogo inarudi nyuma. Bado ni kidogo. Akiugua koo la namna ile tena na tena, mlango utaharibika zaidi, na mwisho wake ni kupasuliwa, au kumpoteza. Kinga yake ni sindano kila mwezi mpaka awe mtu mzima.

Sasa nisikilize nilivyofanya, uone kama nilikaa naangalia. Nilimuuliza nesi ana kwa ana, "Hii inafunga kizazi?" Akasema hata wavulana wanachomwa hiyohiyo. Nikamwambia sitosheki na maneno. Nikakaa kwenye benchi mpaka akaja mvulana, nikaona kwa macho yangu kichupa ni kilekile, mvulana akachomwa, akapiga kelele hadi ng'ombe wa jirani wakaitikia. Nikaomba kichupa kitupu, nikakitia mfukoni, nikashuka nacho Tukuyu. Nikaingia duka la dawa ambalo hawanijui, nikauliza hii ni nini. Muuzaji akasema ni penisilini ya siku nyingi, hata wewe utotoni huenda ulichomwa, inauma kweli. Nikaenda duka la pili. Jibu lilelile.

Damu ya utafiti, ile ya kuhifadhi, nimewanyima. Nesi akasema, "Sawa baba, ni haki yako, matibabu ataendelea kupata." Ile "sawa" yake ilinitia wasiwasi kuliko angebishana. Nikamuuliza kwa nini watoto wengi wanaumwa koo na kupona, na wa kwangu limeshuka mpaka moyoni. Akasema, "Baba, hatujajua bado. Ndicho tunachokitafuta." Mtu aliyesoma akikwambia hajui, ama ni mjanja sana ama ni mkweli. Bado namchunguza.

Mzee Ambakisye naye analalamika. Magoti yake yanauma kama kawaida, wamempa vidonge vya maumivu na maswali mengi, wakamwambia uchunguzi unaendelea. Anasema, "Wachunguze upesi, mimi sitawangoja sana." Kwa hiyo usidhani nimegeuka mpiga debe wao. Sijawapa moyo wangu wote.

Lakini wa Pendo nimewapa. Ameshachomwa ya kwanza, hiyo ndiyo niliyokwambia ukakata simu. Alilia, akachechemea siku nzima, akagoma kuongea na mimi, kisha akaomba ndizi za nyama. Ya pili inakaribia, na ndiyo sababu naandika kwa haraka. Ukija ukamchukua sasa, hiyo ya pili itampita, na hatujui ya tatu ataipata wapi. Kama unataka awe huko kwetu, sikatai, ni mwanao. Ila kabla hujapanda basi, nenda kwanza hospitali hapo Kiomboi, uulize kama dawa hii ipo kila mwezi na nani atamchoma. Usiulize mtu mmoja. Uliza wawili, mmoja asijue umemuuliza mwenzake.

Msalimie Mama yangu, mwambie mwanawe anakula na soksi anavaa. Msalimie kaka yako fundi baiskeli, na mama mdogo wa kwaya, na mjomba wako mwenye kile kiti. Na mchungaji, aendelee kutuombea, ila asitangaze jina la Pendo kanisani, nisije nikasikia maneno kutoka Singida nzima.

Kuna jambo moja nimelibakiza makusudi. Kule Isongole, daktari alipomaliza, nilimwambia siamini picha, picha hata mimi naweza kuchora. Hakukasirika. Akavua vile vifaa vyake vya masikioni, akanivalisha mimi, akanishikisha kile kisahani cha mwisho wa mpira, akaweka mkono wangu kifuani kwa Pendo. Nikasikiliza. Unakijua kile kitasa chetu cha jikoni kilichokufa, mlango unapigwa na upepo, unagonga, halafu kwenye ule ufa upepo unapita, fyuuu? Ndicho nilichosikia. Unagonga, unapita. Unagonga, unapita. Ndani ya mtoto wetu, Mama Pendo. Pendo akaniuliza, "Baba, unasikia nini?" Nikamwambia nasikia vizuri, mwanangu.

Sijamwamini mtu yeyote huku, lakini masikio yangu nimeyaamini. Njoo. Tutaenda wote siku ya sindano, nitamwomba nesi akuvalishe na wewe, usikilize mpaka utosheke. Ukishasikia, kama bado utasema tuondoke naye, nitambeba mwenyewe mpaka kwenye basi.

Ni mimi mumeo, mgumu wa kuamini kama unavyonijua,

Elia, Baba Pendo