Chupa Zilizoombewa

Jumanne, 1 Oktoba

Moto tangu asubuhi. Pipa juu ya makaa, plastiki inayeyuka, ninakoroga kwa nondo, ninaongeza mchanga niliouchekecha jana. Moshi mweusi. Ngalula, mke wangu, amenifukuza tena hadi mwisho wa kiwanja kwa ajili ya nguo alizoanika. Ana haki.

Leo nimemaliza magunia ya chupa. Uji wa chupa si kama uji wa sashe, ile mifuko midogo ya maji ya kunywa. Sashe zinalainika taratibu na kushika mchanga. Chupa zikipoa zinakuwa kama sahani. Pave moja, tofali la kutandika chini, nimeitumbukiza kwenye beseni la maji, ikapasuka. Vipande nimevirudisha kwenye pipa haraka, Ngalula asione. Mtu mzima mimi, najificha kwa mke wangu kwa sababu ya tofali.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimepanga mstari wa mwisho wa pave kwenye uwanja wa kanisa, hadi mlangoni. Hakuna tena vumbi jekundu kwenye viatu vya Jumapili. Pasta alitembea juu yake, akaenda, akarudi, anacheka. Kwaya wananiita Papa Pave. Nimelipenda jina hilo kupita kiasi.

Niandike hapa, maana hapa hakuna mtu. Kwenye ushuhuda wangu nilisema Bwana alinionyesha pave hizi usiku, ndotoni. Si kweli. Niliziona kwenye simu, nimekaa kitandani, waya wa chaji umenibana shingoni. Video ya baba mmoja wa mbali, sijui hata nchi gani. Mbona nilisema ndoto? Waliosimama kabla yangu walikuwa na shuhuda kubwa. Mmoja mtoto wake alipona. Mwingine alipata kazi kwenye kiwanda cha shaba. Halafu mimi nisimame, niseme nimetazama video?

Na yule baba alisema wazi: sashe tu, chupa acheni. Lakini Jumapili iliyofuata ushuhuda wangu kanisa zima lilileta chupa. Ziliingia pamoja na sadaka, watu wanacheza, magunia kichwani. Pasta akayawekea mikono, akaomba. Chupa zilizoombewa nizirudishe namna gani? Nikaziyeyusha.

Jumapili, 6 Oktoba

Mama Kapinga ameanguka.

Mjane wetu, muuza karanga, mzee kuliko wote kanisani. Pave imekatika vipande viwili chini ya mguu wake, pale pale mlangoni. Mkono umevunjika. Mimi ndiye niliyemwinua. Hakulia. Aliuliza tu: "Papa Kabeya, kiatu yangu iko wapi?" Nilimvisha.

Pasta alisema madhabahuni kwamba adui anapiga vita kazi ya Bwana. Tukasimama wote kumkemea. Nami nilikemea, kwa sauti kuliko majirani zangu. Jasho lilikuwa linanitoka hadi kwenye soksi. Adui mwenyewe amevaa koti na tai, anapiga kelele mstari wa pili.

Sijala. Ngalula ameona.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilikwenda uwanjani wakati hakuna watu. Nikagonga kila pave kwa nyundo. Za sashe zinatoa sauti nzito, ya udongo. Za chupa zinalia. Mistari yote ya karibu na mlango inalia.

Jumamosi ni harusi ya binti wa Pasta. Kwaya itaingia kwa kucheza, mlango huo huo, viatu vya kisigino. Bibi harusi katikati.

Zing'olewe tu. Lakini wataniuliza kwa nini, nami nitajibu nini? Kwamba Bwana alikosea kipimo? Nikisema nilikosea mimi, wataniuliza mbona ndoto haikunionya. Video ingekuwa na kosa, mtu angecheka, yakaisha. Ndoto haina pa kutokea.

Ngalula hajui habari ya ndoto wala video. Anajua pave tu. Jioni aliweka sufuria chini na kusema: "Papa, utatoa ile mawe, ao unangoja mwingine naye avunjike?" Nilijifanya natafuta nyundo, nayo nilikuwa nimeishika.

Jumatano, 9 Oktoba

Kwa Mama Kapinga. Nilibeba sukari na mkate. Mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Hawezi kumenya karanga. Mjukuu wake ndiye anayeuza, na Mama analalamika kwamba anawajazia watu kopo mpaka linamwagika.

Nilikwenda kusema. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nikakaa, nikanywa chai yake, nikasifu chai, nikauliza habari za mvua. Nikarudi nyumbani. Mwoga. Sina neno lingine.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeng'oa. Mistari yote inayolia, kwa mtalimbo, tangu jua kutoka. Nilikuwa peke yangu mpaka akina mama walipofika kufagia kwa ajili ya harusi. Waliona rundo. Hawakuuliza. Wakachukua mifagio, wakaanzia upande wa pili.

Mama Kapinga alikuja nao, na plasta yake. Hawezi kufagia, akakaa kwenye ngazi karibu yangu. Nikaona ni sasa. Nikasema, Mama, ile ndoto yangu.

Alinitazama. "Ndoto gani? Ile video?"

Mtalimbo ukanidondoka.

"Papa Kabeya, ile video bote tuliiona. Mutoto ya Pasta aliituma mu group ya kanisa mbele ya weye kutoa ushuhuda."

Wote. Pasta pia. Walikuwa wamekaa pale, wananisikiliza naeleza jinsi mwanga ulivyoingia chumbani, na wakasema Amina. Nilimuuliza kwa nini.

"Tulisema, tumuache. Alikuwa anakaa bila kazi, sasa iko na kazi. Atasema yeye mwenyewe siku moja."

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Hapana. Mama Kapinga alishusha plasta mapajani na kuongeza, bila hasira yoyote: "Chupa, mule mu video ule papa alikatala. Tulisikia. Lakini tulikuletea, na weye ukapokea. Tukasema, Papa Kabeya anajua kupita ule wa mu video."

Nililia mbele ya akina mama wenye mifagio. Walizidi kufagia.

Jumapili, 13 Oktoba

Harusi jana ilipita vizuri. Mlangoni palikuwa udongo mtupu, tulimwagia maji. Pindo la gauni la bibi harusi lilirudi jekundu. Hakuna aliyeanguka.

Leo Pasta hakuniita mbele, wala hakutaja uwanja. Alinishika mkono kama kila Jumapili. Sikuweza kumtazama machoni.

Baada ya ibada nilikuta gunia karibu na rundo langu. Hakuna aliyesema ni la nani. Nimelifungua. Sashe. Zimeoshwa, zimekaushwa, zimekunjwa. Nimeingiza mkono hadi chini kabisa. Hakuna chupa hata moja.

Nimelibeba nyumbani kwa njia ya nyuma.