Jiko la Mama Lililovunjwa Kiangazi

Kwa kaka yangu Mwero,

Shikamoo kaka. Nimeitanguliza shikamoo yako uipokee ukiwa umekaa vizuri, maana yatakayofuata si ya kusoma mtu amesimama. Mimi ni mzima huku Doha, namshukuru Mungu. Miguu inavimba kwa kusimama kutwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka yanaletwa kwa mikokoteni wala hayaishi, lakini ninakula na ninalala. Huku majira ni kitufe ukutani. Mtu akitaka baridi anabonyeza. Natumai wewe na wifi hamjambo, na watoto hawajambo, na mbuzi wanapata maji ya kunywa. Mama simuulizii kwako. Habari zake nimezipata kwa mwingine.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Nilikupigia mara tatu. Mara ya kwanza nilipotaja jiko ukasema mtandao wa Kinango unasumbua. Mara ya pili ukampa wifi simu, tukaongea habari za harusi ya watu nisiowajua. Mara ya tatu ukakata. Basi nimeandika, na anayekuletea ni Mwanasha wa Msambweni, ninayelala naye chumba kimoja, anakuja likizo. Nimemwambia akukabidhi mkononi mwako. Barua haikatiki, kaka.

Aliyeniambia ni mwanao Nyamvula, na nakuomba usimguse. Masika ilipokuwa katikati nilimpigia, nikamuuliza mahindi ya Bibi yake yamefika wapi, magotini au kiunoni.

"Shangazi, Bibi hajapanda."

"Mvua haikunyesha?"

"Imenyesha. Majirani wote wamepanda. Bibi hana mbegu."

Nilikaa juu ya furushi la mashuka machafu. Mama yetu kukosa mbegu. Mwaka ule wa ukame tulipokuwa tunakula uji mara moja kwa siku, mahindi ya mbegu yalikuwa yananing'inia juu ya vichwa vyetu na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Wewe mwenyewe ulichapwa kwa kuyatazama sana. Leo tuna nyumba ya mawe na sakafu ya vigae, ndipo mbegu imekosekana.

Labda umesahau, kaka, kwa kukaa Ukunda miaka mingi ukiwajengea watu nyumba za wageni. Nikukumbushe. Kila mavuno Mama huchagua mahindi yaliyofunga maganda yake mpaka nchani, akayafunga mawili mawili, akayatundika chini ya paa la nyasi, juu kabisa ya mafiga. Moshi unayapiga mwaka mzima, yanakuwa meusi, na fukusi hayasogelei. Mbegu ile alipewa na Bibi mzaa baba siku alipoingia bomani kama bi harusi. Ndiyo inayotufaa sisi wa nchi kavu, kwa sababu mvua zetu za siku hizi zinakuja na kuondoka bila kuaga, na mahindi yale yanajua kusubiri. Ya dukani yakikosa mvua wiki mbili yamekwisha.

Sasa wewe kiangazi umekuja na vibarua wako, ukaona jiko la Mama linaharibu sura ya boma. Ukangoja aende matangani. Asubuhi moja tu, paa chini, kuta chini, mafiga yametupwa kichakani. Mama anarudi na leso ya kilio kichwani anakuta uwanja umesawazishwa. Hata kuku huulizwa kabla ya kuhamishwa banda. Na mbegu ukaitumbukiza kwenye pipa la plastiki, ukakaza kifuniko, ukaliweka stoo chini ya mabati, ukajiona umehifadhi kitaalamu. Mvua ya kwanza ilipoanguka Mama akafungua pipa. Nyamvula anasema kulikuwa na unga na wadudu, na harufu ya uvundo.

Ndipo ukaleta pakiti ya dukani. Mama akakushukuru akaiweka dirishani, na mpaka leo ipo pale. Wewe ile asante ukaidhania radhi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na wewe umeuchana mbachao vipande vipande.

Najua utasema nini. Utasema, "Umazi, si wewe uliyelalamika kwamba Mama anakohoa kwa moshi?" Ni kweli nililalamika. Nilisema toboa dirisha. Na ulipotuma picha ya vile vigae nilikujibu hongera, nikawaonyesha wenzangu wote wa chumbani, wala sikuuliza mbegu iko wapi. Hilo ni langu na ninalibeba. Lakini nyundo haikuwa mkononi mwangu.

Nilimpigia Mama mwenyewe. Nikamwuliza kama amepanda. Akasema, "Shamba tumelipumzisha kidogo, mwanangu." Nikamwuliza jiko jipya la vigae ulilomjengea ndani analionaje. Akasema, "Zuri. Linang'aa." Kaka, unajua Mama anapikia wapi? Nyuma ya zizi la mbuzi. Ameokota mawe matatu, anawasha vijiti, anachemsha uji wake huko kwa kujificha ili wifi asione akaumia moyo. Mwanamke aliyetulea sisi sote kwa moto wake, leo anauwasha kama mwizi. Nyamvula aliponiambia hilo nililia kwa hasira. Umenikera, Mwero. Wewe ni mkubwa wangu na nitakuheshimu mpaka nife, lakini umenikera sana. Ukubwa jaa, na leo taka zote ni zako.

Sasa sikiliza, kwa sababu sikuandika kukutukana tu. Nilipoolewa Ndavaya, Mama alinifungia mahindi sita kwenye leso, kama alivyofungiwa yeye. Ndoa ile ilipovunjika ulikuja na gari kunichukulia vitu vyangu. Ukabeba kitanda, ukabeba sufuria, ukabeba hata kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, na ukamtolea mama mkwe wangu maneno ambayo mtu mzima haambiwi uani kwake. Mahindi uliyaacha juu ya mafiga yake kwa sababu hukuyaona kuwa ni kitu. Yule mama ameyapanda kila mwaka tangu siku ile.

Nimempigia. Nilidhani atanikatia kama ulivyonikatia wewe. Aliniuliza habari za miguu yangu, akamuulizia Mama, akaniacha nieleze mpaka nikamaliza. Kisha akasema hivi, na nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Mbegu ya mamako ipo, naiona hapa nilipokaa. Kupewa atapewa, mimi sina ugomvi naye. Lakini siileti, na akitumwa mtoto simpi. Aje mwenyewe aliyenitukana. Na kabla hajaja, jiko la mamake liwe limesimama na linafuka, maana mbegu haipewi nyumba isiyo na moshi."

Basi, kaka, umesikia. Kipupwe kinaishia, vuli haiko mbali, na vuli ikipita Mama hajapanda atakuwa amekaa mwaka mzima bila shamba. Umri wake unaujua. Wewe ni fundi. Usitume vibarua, kata fito mwenyewe, kanda udongo mwenyewe, ezeka nyasi. Weka dirisha upande wa mashariki moshi upate pa kutokea. Kayatafute yale mafiga kichakani. Vigae vyako sivisemi vibaya, wifi avifurahie. Jiko likishafuka, nenda Ndavaya. Vua viatu nje ya ua, toa shikamoo, na akichelewa kuitika usiinue kichwa mpaka aitike.

Nisalimie wifi, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie Nyamvula, shangazi yake anamwombea mtihani wake uende vizuri. Nisalimie mjomba anayetuangalizia mbuzi, na jirani yetu mfinyanzi. Huyo mfinyanzi mwambie kwamba Mama atahitaji chungu kipya, kile kikubwa wamekivunja vibarua.

Mama usimsomee barua hii. Mjengee jiko, atajua kwamba nimeandika.

Ni mimi nduguyo,
Umazi