Ya Mtoto Ipo, ya Mama Bado

Mpendwa mama,

Nimekaa kibarazani kwangu hapa Rusimbi, migebuka, samaki wangu wa leo, sijaipeleka sokoni. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia akanielewa.

Unakumbuka siku tuliyotoka Kagunga, pale mpakani, tukafikishwa kambi ya wakimbizi? Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba sufuria, wewe ulikuwa na Deo tumboni. Ulikula maharage ya mgao ukayasifu, ukasema yameiva kuliko ya bibi, na yalikuwa magumu hata panya angeyakataa. Ndivyo ulivyokuwa, hukupenda kuonewa huruma.

Kisha wakakupima. Nilikuwa kando yako kwenye benchi, nesi akadhani mtoto haelewi mambo. Akakuambia una virusi, ila usiogope, kuna dawa ya kumkinga mtoto wakati wa kujifungua. Ukauliza, "Na mimi je?" Akatazama chini.

"Ya mtoto ipo, mama. Ya mama bado."

Njiani hukulia. Ulisema, "Mwana wanje, mwanangu, mimi ni gunia. Wakishamimina maharage, gunia wanalikung'uta wanalitupa." Nikacheka, nilidhani unatania. Deo alizaliwa mzima na hadi leo ni mzima, anabeba mizigo bandarini na hachoki. Hakuwahi kukujua. Ulikonda hadi kitenge kikakuzidi, tukakuzika nyuma ya kambi, na dawa za akina mama zikaja baada yako. Kumbe ziliwezekana siku zote. Hilo ndilo lisilonitoka rohoni.

Nami nina virusi, mama. Nilivipata kwa mume wangu. Vidonge vimeniweka vizuri miaka yote hii, nauza samaki, nagombana na wateja kama kawaida. Sasa ni mama kijacho, nimebakiza siku chache. Lakini pesa za dawa zilikuwa za wageni wa ng'ambo, na wageni wamefunga mkoba. Wakubwa wetu wanasema bajeti inaangaliwa. Walikuwa wakija na fulana na ngoma kutuhimiza tusiogope kupima, tukapima. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema kwamba aliyetegemea atakuwa ofisini anakunywa chai, na atakayekufa ni mwingine.

Yule mama wa kujitolea aliyekuwa akinitembelea nyumbani ameachishwa. Vidonge tulivyozoea kupewa vya miezi, sasa ni vya wiki mbili. Jana nilikwenda kliniki. Nesi ni binti mdogo, aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama." Nikamuuliza kuhusu dawa ya maji, ile atakayopewa mwanangu akizaliwa. Naye akatazama chini, kama yule wako.

"Yako ipo, mama. Ya mtoto bado."

Nilirudi nyumbani nikiliwaza gunia lako. Safari hii wamelibakiza gunia, na maharage ndiyo wanayotaka kuyamwaga. Sikubali. Wewe uliinuka kwenye benchi lile kimya, ukaniachia mimi kuelewa baadaye. Mimi siinuki hivyo. Kesho narudi, na keshokutwa, na tumbo langu hili, hadi mmoja wao aniangalie usoni aseme hilo neno "bado" bila kuinamisha kichwa.

Usinisubiri huko upesi. Mjukuu wako namtaka hapa.

Mwanao,
yule wa sufuria