Tulikwenda Kutalii, Tukabeba Friji

Jumatatu, 29 Juni

Tumefika Montreal. Miguu imevimba kama maandazi. Ndege mbili kutoka Regina, na Eldon hakuivua ile kofia yake ya kampuni ya mbegu hata usingizini.

Mapokezi hotelini binti akauliza kwa upole: bwana na bibi, chumba kimoja? Eldon akaruka kama aliyekamatwa na kuku wa jirani. Viwili! Viwili! Na vidole akanyoosha, ukumbi mzima ukajua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nijiandikie ukweli, maana humu hasomi mtu. Tangu nimzike mume wangu Nestor ni miaka sita. Eldon Friesen, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara kule Kamsack, naye mjane, amekuja kwangu kunywa kahawa kila siku saa tisa kwa miaka mitano. Vikombe viwili. Kisha anasema “Haya basi,” anainuka, halafu anasimama mlangoni dakika arobaini akizungumzia mvua. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi miaka mitano nasubiri mshindo, nasikia kikombe tu kikigusa kisahani.

Na Charlene, mwanangu, ananisubiri mimi. Amenitengenezea chumba chini ya nyumba yake kule Red Deer. Dirisha lake unaona miguu ya wapita njia, basi. Anataka jibu Jumapili: nauza nyumba au siuzi.

Nimeapa. Eldon akisema neno kabla ya Jumapili, nabaki Kamsack. Asiposema, nauza. Nimechoka kuwa mke wa saa tisa.

Safari hii ni wazo lake. Aliweka kikombe chini mwezi wa nne akasema: “Sijawahi kuiona Montreal. Wewe je?” Ndiyo hotuba yote hiyo. Mimi nikaenda kununua viatu vipya.


Jumanne, 30 Juni

Viatu vipya vimenitoa malengelenge mawili.

Tulipanda mlima. Wenyeji wanaupanda mbio na mbwa wao, hata hawahemi. Eldon, mtu wa tambarare, kapanda kwa heshima kama anaingia kanisani. Anapungia mkono kila gari, kama barabara ya kwetu. Hakuna anayemjibu, naye hakomi!

Juu kabisa, mji wote chini yetu, mto unang'aa. Tukasimama. Upepo mzuri. Akanishika kiwiko. Haki ya Mungu akanishika kiwiko! Akavuta pumzi.

— Verna.

— Naam?

— Mapaa ya huku ni bapa. Theluji wanaitoaje?

Nikamwambia sijui. Tukashuka.

Mchana tukala chipsi zilizomwagiwa jibini na mchuzi. Akauliza nani kaziharibu chipsi, kisha akamaliza sahani yake na nusu ya yangu.

Kesho ni sikukuu ya nchi. Kaandika ratiba kwenye karatasi: gwaride saa tano, kanisa kuu saa saba, mashua saa tisa. Kumbe na bendera mbili ndogo kazibeba toka nyumbani ndani ya soksi, zisivunjike. Nikimtazama akizinyoosha kwa kiganja moyo unanilainika, halafu naudhika kwa kuwa umelainika.


Jumatano, 1 Julai, saa mbili asubuhi

Tunatoka. Yeye bendera, mimi bendera. Nimepaka rangi ya midomo. Hajaona.


Jumatano, 1 Julai, saa saba na nusu

Gwaride hatujaliona. Kanisa kuu hatujaliona. Nimeketi juu ya sanduku la sufuria za mtu nisiyemjua, na Eldon yuko chini anafunga godoro juu ya lori. Nianze mwanzo.

Tulipotea. Eldon haulizi njia, anasema jua linatosha. Jua likatutupa kwenye mtaa mmoja mrefu wa nyumba za ghorofa tatu, zile zenye ngazi za chuma za nje zilizojisokota. Na mtaa mzima umemwagika barabarani! Vitanda, makabati, kioo kinatembea na miguu ya mtu chini yake, mwanamke kakumbatia mti wa ndimu kwenye ndoo. Malori mbele, malori nyuma. Watu wanapiga kelele.

Eldon akasimama. Uso ukambadilika.

— Verna. Mto umevunja kingo.

Yeyote wa kwetu angesema vilevile. Mwaka wa mafuriko tulihamisha mtaa wetu wote kwa saa tano, na hakuna aliyeulizwa jina. Akanitupia bendera yake, akakimbia. Mtu wa miaka sitini na saba! Kwenye ngazi ya karibu kulikuwa na friji imekwama, mwanamke kaishika juu, chini hakuna mtu. Eldon akaingia chini, akaikumbatia. Hakusema hata habari.

Na mimi je, nilibaki na akili zangu? La. Nilimpokonya mama mmoja kapu la vyombo nikapiga ukelele: maji yamefika wapi?

— Maji gani? akasema yule wa friji, kutoka juu.

Basi tukaelezwa, na mtaa mzima unasikiliza. Hapa mikataba ya kupanga nyumba inaisha siku moja, leo. Nusu ya mji inahamia kwa nusu nyingine, kila mwaka, na wanaona ni jambo la kawaida kabisa. Mama wa kapu akanitazama hadi nikamrudishia, nikamwomba radhi mara tatu. Naye akaniomba radhi. Sijui ya nini.

Nikamwita Eldon: shuka, twende. Yeye yuko katikati ya ngazi, friji kifuani, kofia imegeuka upande.

— Sasa nimeshashika, akasema.

— Na gwaride?

Yule mwanamke wa juu akacheka. Gwaride ndilo hili, mama, akaniambia, na wewe umo ndani yake, shika kona hiyo!

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni siku yetu ya tatu. Tumepewa friji.


Jumatano, 1 Julai, saa tisa

Saa ya kahawa. Mashua yetu inaondoka sasa hivi. Bila sisi.

Huyu mwanamke wa friji anaitwa Ghislaine. Ghorofa ya tatu. Sitini na kitu, anavuta kabati huku midomo imepakwa rangi nyekundu, na yake imeonekana! Eldon amemsifia. Yaani amesema, “Rangi hiyo haitoki na jasho?” Kwa Eldon hiyo ni mashairi.

Tangu friji ishuke ni “shujaa wangu” huku, “shujaa wangu” kule. Anamgusa msuli wa mkono. Anawaita wapita njia waje wauone! Na Eldon anacheka, meno yote nje, hadi lile la dhahabu ambalo nilidhani alishaling'oa. Tumeshusha meza, viti sita, mashine ya kufulia. Mimi ndiye ninayefungua milango na kushika mito. Hakuna aliyeniita shujaa.

Wivu. Ndiyo, wivu. Nimeandika.

Ng'ambo ya barabara kuna mzee kwenye roshani, mkono umefungwa plasta, anatoa amri kama jemadari. Kushoto! Kushoto! Msikwaruze! Nikamuuliza Ghislaine kwa nini hamfungi mdomo yule mjuaji.

— Yule? Yule ndiye ninayehamia kwake. Lori ni la kuvukia barabara tu.

Tulikuwa tunakula piza sakafuni, jikoni kutupu, sauti zinarudi ukutani. Akaeleza huku anatafuna. Anaitwa Réjean. Miaka kumi na moja, yeye huku, Réjean kule. Kila jioni anavuka barabara na mswaki mfukoni, kila asubuhi anarudi. Hata kwenye barafu. Mwezi uliopita Réjean kateleza bafuni, kavunja mkono, na Ghislaine kakaa naye siku tatu mfululizo akimfunga vifungo. Siku ya nne karudi kwake, kaketi, kaona nyumba imenuna.

— Kumi na moja, mwenzangu! akasema. Tumeipoteza kwa adabu. Kila mmoja anamwogopa mwenzake asije akamsumbua.

Nikacheka. Sikuweza kutomcheka, na hapo hapo nikampenda, na aibu ya wivu ikanishuka hadi miguuni kwenye malengelenge.

Kisha akafuta mikono, akatutazama, Eldon kwanza, kisha mimi.

— Na nyinyi?

Nikangoja. Nilimpa nafasi. Nilihesabu hadi nane.

— Majirani, nikasema mimi.

Eldon alikula maganda ya piza ya watu watatu, akasema “Haya basi,” akainuka kwenda kutazama kama kamba ya lori imekaza. Nilimwona kwa dirisha akiikaza kamba iliyokaza.

Imeniuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hii kama msichana. Jumapili nitampigia Charlene nimwambie apake chumba rangi anayotaka.


Jumatano, 1 Julai, saa kumi na moja

Kochi limekwama.

Ndilo la mwisho, la kijani, la watu watatu, zito kama dhambi. Eldon chini, Ghislaine katikati akisukuma kwa kiuno, mimi juu nikielekeza. Pale ngazi inapojisokota likageuka, likashika ukuta huku na chuma kule. Haliendi, halirudi. Réjean kapiga kelele kulia, kushoto, kisha kwa mara ya kwanza leo kanyamaza.

Ghislaine kapenya chini ya mguu wa kochi kama mtoto, kavuka barabara kutafuta spana ili tuling'oe miguu. Dakika ishirini sasa. Namwona kwenye roshani ya Réjean wakibishana spana iko droo gani. Ameshaanza kuishi pale, naona.

Kwa hiyo mimi nimefungiwa juu, kwenye kibaraza kidogo cha nyumba isiyo na kitu. Eldon kaketi ngazi za chini. Kati yetu kochi. Hanioni, simwoni, naona ncha ya kofia tu. Kama kwenye kitubio, ila padri ni Mmenonaiti, wa dhehebu lisilo na mapadri.

Nilikuwa nimetoa daftari niandike habari ya kochi tu. Kisha Eldon akaniita. Niandike yalivyotoka, nisije kesho nikasema nimeota.

— Verna.

— Naam.

— Upo?

— Niende wapi, Eldon? Kuna kochi.

Njiwa kapita.

— Ile friza yangu.

— Imefanya nini?

— Haijafanya kitu. Inafanya kazi vizuri.

Nikaona ncha ya kofia inavuliwa. Inavuliwa!

— Upana wake inchi ishirini na tisa, akasema.

— Ndiyo?

— Mlango wako wa nyuma una inchi ngapi?

Nilikuwa nataka kumwambia Eldon, mtu amechoka, ana malengelenge, wewe unaniuliza milango. Mdomo nimeshaufungua. Kisha nikaufunga.

Kwa sababu namjua mwanamume wa kwetu. Atakuazima trekta wakati wa mavuno. Atakupa figo, na bado ataomba radhi kwa usumbufu. Lakini friza yake, yenye nusu ng'ombe na samaki wa misimu miwili ya barafu, haivuki barabara ila na yeye mwenyewe.

Mungu wangu. Nimeketi chini. Nimeketi kabisa, sakafuni, na sketi nzuri. Nina furaha hadi naogopa.

Shida ni kwamba mlango wangu una inchi ishirini na nane. Nestor, Mungu amrehemu, aliukata mwenyewe kwa macho tu, na tangu hapo kila kitu kikubwa kimepitia dirishani. Inchi moja! Na Eldon namjua: nikisema ishirini na nane atafikiri ndilo jibu langu. Atasema “Haya basi.” Ataniuliza kama nadhani itanyesha.

— Verna? Hujui?

— Thelathini! nikasema. Kwa sauti kubwa mno. Ng'ambo kule Réjean kainua kichwa.

Nikaziba mdomo kwa kiganja.

Kisha nasikia kitu huko chini. Anacheka. Polepole, peke yake, chuma cha ngazi kinatetemeka hadi huku juu.

— Ni ishirini na nane, Verna. Niliupima mwezi wa tatu, ulipokuwa kanisani.

Mwezi wa tatu! Kabla ya Montreal. Kabla ya mlima, mapaa bapa na kamba ya lori. Miezi minne anakunywa kahawa yangu na namba ile kichwani!

Ghislaine anavuka barabara, spana juu kama kombe la ubingwa. Eldon amesimama, nasikia ngazi. Anauliza, taratibu, kama anauliza bei ya ngano, kwa nini nimesema thelathini.

Kochi linaanza kusogea. Karibu nitamwona uso. Nitafute haraka la kusema, au nimwambie tu kwamba nilitaka friza ipite, na yeye—