Mguu Usiouma

Chumba cha sita, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali.
14 Juni, mwaka wa thelathini na tisa tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa mdogo wangu Fundi,

Pokea salamu za kaka yako. U hali gani, na shemeji anaendeleaje na kifua chake? Na ile cherehani ya mama, bado inalia upande mmoja ukiikanyaga kwa haraka? Mimi nipo. Asubuhi nachemsha chai isiyo na sukari, nasoma mpaka macho yachoke, na siku hizi hayachelewi kuchoka.

Barua hii naiandika kwa mkono, ila jirani ataipiga picha na kuituma leo hii kwenye simu ya binti yako, naye akusomee. Kwa simu ungenikatiza.

Binti yako alinipigia Jumapili kunieleza habari za mguu wako. Kabla hajafika mbali nikakusikia nyuma yake ukisema, "Mwambie huyo daktari wa panya kwamba mimi sina mkia." Nilicheka, kusema kweli. Kisha akanisomea alichoandika daktari, kicheko kikakatika.

Nimeambiwa uliloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto kwa sababu ya baridi, ngozi ikababuka, nawe hukujua mpaka shemeji alipoona soksi imelowa. Vidole viwili sasa ni vyeusi, na daktari anataka kuvikata wiki hii. Wewe unajibu mambo mawili: kwamba mguu hauumi, kwa hiyo hauna neno, na kwamba kwetu mtu hakatwi kiungo mpaka mkubwa wa nyumba afike na kukubali. Mkubwa huyo ni mimi.

Nianze na hilo la kwanza. Kazi yangu ya panya, mnayonitania nayo, sijawahi kuwaeleza vizuri. Barua zangu ziliuliza mvua na shule, kazi nikaitaja kwa neno moja, "maabara", mkadhani napima damu za watu, na mliposikia kuna panya mkabaki na utani tu.

Tulikuwa tukiletewa panya weupe, wazima na wanene. Mama Mkuu, ndivyo tulivyomwita mtafiti aliyetuongoza, aliwachoma sindano ya dawa inayoua zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, ili wapate kisukari kama chako. Mimi ndiye niliyewashika. Siku ya kwanza tuliwawekea maji ya sukari kwenye chupa, maana chembe zinapokufa humwaga insulini yote kwa pamoja, sukari ya damu hushuka ghafla, na mnyama anaweza kufa kabla hata hajaugua. Tuliwapa ugonjwa, kisha tukawalinda wasife upesi.

Haikuchukua muda kuwatambua waliopata kisukari. Maranda ya mbao kwenye vizimba vyao yalikuwa chapachapa; walikunywa chupa nzima na kuikojoa yote. Walikula kuliko wenzao, na bado nikiwabeba nilihisi mifupa tu. Wengine macho yaliingia ukungu mweupe.

Halafu kulikuwa na kipimo cha kibati. Tulikipasha joto, si la kuunguza papo hapo, tukamweka panya juu yake. Panya mzima hakai: anainua mguu, anaulamba, nasi tunamtoa. Waliougua muda mrefu walichelewa. Kuna mmoja tuliyemwita Mwenyekiti kwa jinsi alivyopenda kukaa. Siku hiyo alitulia juu ya kibati akisafisha masharubu yake, mpaka Mama Mkuu akasema, "Mtoe, mtoe, huyo hana habari." Nikamtoa. Hakuwa jasiri, ndugu yangu. Mishipa ya fahamu ya miguu yake ilikuwa imekufa.

Ndiyo maana ukisema mguu hauumi, mimi nasikia jambo baya kuliko maumivu. Ungekuuma, ungeutoa kwenye beseni. Ungekuuma, ungekuwa umeshakwenda hospitali kwa miguu yako mwenyewe, huku ukinitukana.

Panya wale wote tuliwaua utafiti ulipokwisha, kwa dawa ya usingizi, ili figo na macho yao yatazamwe kwa hadubini. Nawasikitikia sasa kuliko nilivyowasikitikia wakati ule. Yaliyojulikana kupitia miili yao yalichapishwa na kusomwa mbali sana. Kwa ndugu yangu hayakufika, na mimi nilikuwa na kalamu na anwani.

Sasa la pili. Kila mwaka nimewaandikia "mwakani". Mwanzo kizuizi kilikuwa hati, baadaye kazi, baadaye haya tu ya mtu aliyekaa mno. Leo ni figo. Kisukari hicho hicho chako kilinikuta nami, na tangu mwaka juzi kila baada ya siku moja nalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Maji ninayokunywa hayatoki tena yenyewe, na muuguzi akinipima uzito ananiuliza, "Babu, umekunywa ziwa gani leo?" Mashine iliyo karibu zaidi nanyi ni mwendo wa siku nzima. Sikuwaambia kwa sababu nilipenda muendelee kunigombeza kama mtu mzima wa afya.

Basi nafasi yangu ya ukubwa namkabidhi binti yako. Najua shangazi yetu atanuna kwamba ni msichana, na mdogo. Anune. Ndiye anayekuosha kidonda, ndiye aliyezungumza na daktari. Akisema ndiyo, mimi nimesema ndiyo.

Najua pia unachoogopa, ingawa hukukitaja. Vidole viwili vikitoka, wayo unabaki na kisigino kinabaki. Ukishapona utarudi kukanyaga cherehani. Ukiuacha uozo upande juu, watakata gotini, watu wema watakununulia cherehani ya umeme, na utaichukia mpaka siku ya mwisho.

Nisalimie shemeji, kuanzia sasa maji yako apime yeye, kwa kiwiko chake. Nisalimie shangazi hata akiwa amenuna, na wajukuu wote ninaowajua kwa sauti tu. Binti yako mwambie baba yake mkubwa anamshukuru.

Mungu akulaze salama mezani kwa daktari, na akuamshe na hamu ile ile ya kubishana. Nenda kesho asubuhi, usimsubiri mtu yeyote wa kutoka mbali. Mimi sitarudi.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni mwa mama.