Kadi ya Bosi Imo Ndani ya Kochi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na kabla hujaitikia naomba ukae, maana anayekuandikia ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, mwenye kitambi na upara wa kuheshimika, fundi wa makochi, na msaada ninaouomba ni wa jambo ambalo nikimwambia mtu ana kwa ana atacheka mpaka ashike ukuta. Naogopa matapishi. Haya, limetoka. Si kinyaa, Shangazi, kinyaa kila mtu anacho. Mimi naogopa kama wengine wanavyoogopa nyoka, mtu akikohoa vibaya tu mikono inapoa, masikio yanavuma, na miguu inaanza safari bila kuniaga. Nimekuwa hivi tangu darasa la tatu, mwenzangu wa dawati aliponitapikia kwenye daftari la hesabu, na nakuonya mapema kwamba ukiniambia nijikaze kiume nitalikunja gazeti lako nilitie chini ya mguu wa meza. Nimejikaza miaka yote hii. Kama kujikaza kungekuwa dawa, ningekwisha kupona na kupewa cheti.

Mke wangu ni fundi umeme. Anapanda nguzo, anashika nyaya ambazo mimi nikizitazama naona na zenyewe zinanitazama. Tulikaa miaka kumi na moja bila mtoto, mpaka watu wakachoka kuuliza, kisha mimba ikaingia, na ilipoanza kumtapisha asubuhi mimi nikapata ghafla kazi nyingi mno karakana, kazi za alfajiri, ambazo hazikuwa na mteja wala kochi. Alijua. Ndipo akazaliwa binti yetu, ambaye tunamwita Bosi kwa sababu anafoka, hafuati ratiba ya mtu, na akitaka kitu watu wazima wawili wanagongana mlangoni.

Chanjo za wiki ya sita tulikwenda wote. Sindano siziogopi, Shangazi, mimi natumia sindano ndefu kama mkono wako kushonea vifungo vya makochi, lakini walipomtilia yale matone mdomoni na muuguzi akasema anaweza kucheua kidogo, jasho likanitoka mpaka muuguzi akaniuliza, "Baba, mbona hivyo? Anayechanjwa si wewe." Watu wote kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka nao, maana nimezoea kuwahi kujicheka kabla sijachekwa.

Tulirudi nyumbani, mke wangu akaingia kuoga, Bosi yuko begani kwangu, na hapo ndipo alipotapika. Joto, shingoni. Nakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu: nilimlaza mtoto kitandani nikatoka mbio, nikapita uani, nikapita geti, nikasimama barabarani bila viatu nikiwa nimeziba masikio. Sijui nilikaa muda gani. Niliporudi mke wangu alikuwa amefunga taulo, povu la sabuni bado liko shingoni, amempakata mtoto.

"Baba Bosi, ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kutafuta kitambaa."

"Kitambaa? Kwenye nyumba ya fundi wa vitambaa, ukakitafute nje ya geti?"

Akanipa mgongo, akampangusa mtoto mdomo. Angenipiga kwa taulo ningeshukuru.

Sasa sikiliza dhambi yenyewe. Chanjo ya pili ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, na mke wangu alikuwa amerudi kazini Jumatatu yake, kwa hiyo wa kumpeleka mtoto ni mimi, na wa kukaa naye baada ya hapo, kutwa nzima, ni mimi peke yangu na lile bega langu. Wiki moja kabla kuna mteja alikuja karakana akaanza kuhubiri kwamba chanjo ni nyingi mno siku hizi, zinawachosha watoto, na mimi sikuamini hata neno moja, ila mfa maji haishi kutapatapa, niliyashika maneno yake kwa mikono miwili kwa sababu yalifanana na ruhusa. Basi Jumatatu nilichukua kadi ya kliniki. Nilifikiri bila kadi watatusogeza mbele, mpaka siku ambayo mama yake ana mapumziko. Nikaiingiza chini ya sponji ya kochi nililokuwa nalifunika, mkono wa kushoto, niitoe baadaye, nikaenda kula.

Nina mwenzangu wa karakana, seremala wa fremu, tunamwita Msumari. Ni mtu mwema, na wema wake siku moja utaniua.

"Fundi, lile kochi la saluni nimekumalizia. Limeshaondoka."

"Limeondoka limekwenda wapi?"

"Wewe nawe! Saluni. Na mwenyewe amelikalia, akasema mkono wa kushoto umejaa vizuri kuliko wa kulia."

Hivi ninavyokuandikia, Shangazi, akina mama wanaosubiri zamu ya kusukwa wanaegemeza viwiko juu ya afya ya mwanangu.

Hayo nayo ningeyabeba. Nisichoweza kukibeba ni hiki: mke wangu ameitafuta ile kadi mpaka akafungua mkoba wake wa vifaa vya kazi akamwaga koleo na nyaya zote sakafuni, kisha akakaa katikati yake akasema, "Nimeipoteza mimi. Nilichanganya na karatasi za kazini. Mama gani huyu, anamsubiri mtoto miaka kumi na moja halafu anapoteza kadi yake?" Na mimi nimesimama hapo na mbeleko ya mtoto mkononi, nikasema, "Usijali, itaonekana."

Leo ni siku ya sita tangu tarehe ipite. Je, ni yale matone yaliyomtapisha? Dozi ya pili haitakuwa mbaya zaidi? Niende saluni niseme kochi lina kasoro, nilifumue kimyakimya, kadi "ionekane" nyuma ya kabati, au niseme ukweli? Siombi radhi kwa kuogopa. Sikuichagua hofu hii dukani. Naomba njia ya kupita mtu anayeogopa, kama ipo.

Mke wangu husoma ukurasa wako kila Jumamosi kwa sauti nikiwa naosha vyombo, na huwacheka sana wanaume wanaokuandikia. Haya, acheke. Namba ya karakana nimeiandika nyuma ya bahasha.

Wako,
Baba Bosi, fundi wa makochi

* * *

Baba Bosi,

Marahaba. Nimekaa kama ulivyoniagiza, na sikucheka. Uongo, nilicheka pale kwenye mkono wa kushoto. Kisha nikafika kwa mkeo na koleo zake sakafuni, nikaacha.

Tuondoleane aibu kwanza. Nimekuwa mkunga miaka ishirini na mbili, nimetapikiwa na mama, mtoto, na mara moja baba, na mpaka leo na mvi zangu hizi mjusi akidondoka chumbani nahama mimi, namwachia chumba na shuka. Kwa hiyo anayekucheka mlete hapa, nimuulize yeye anakimbia nini. Hofu kama yako wanayo watu wengi, wengine wanaume wenye sauti nene, na inatibika. Sitakuambia ujikaze. Tumekubaliana?

Sasa na wewe usijifiche nyuma yangu, maana sina upana huo. Kuogopa si kosa. Kumwacha mtoto mchanga peke yake akitapika ni kosa, angeweza kupaliwa. Kuficha kadi ni kosa. Na kumtazama mwenzio akijiita mama mbaya kwa jambo ulilolifanya wewe, ukamwambia "itaonekana," hilo, baba, hata hofu yako haina haki ya kulibeba. Lichukue mwenyewe.

Unauliza kama ni matone. Huenda, na huenda ni maziwa tu. Mtoto hucheua akishanyonya, hucheua akibebwa vibaya, hucheua akimwona baba yake anatetemeka. Baada ya chanjo wengine hutapika kidogo, wengine hupata homa ndogo, paja likavimba, wakalia kuliko kawaida, na siku moja au mbili yamekwisha. Dozi ya pili si adhabu ya kuongezwa. Wengi hawaonyeshi chochote. Mnyonyeshe kama kawaida. Baada ya ile chanjo ya wiki ya sita mlimwambia muuguzi kilichotokea nyumbani? Hamkumwambia. Mwambieni. Na dawa ya homa usimpe kwa kukisia, muulize yeye kipimo.

Ukiona anatapika mfululizo na hakibaki kitu tumboni, au anatoa cha kijani au chenye damu, au choo kina damu, au analia kwa vipindi akikunja miguu tumboni, au amelegea hanyonyi, au nepi imekaa kavu saa nyingi, au homa imepanda, au amepata degedege, hapo usisubiri mtu arudi kutoka kazini, mpeleke. Akivimba uso au akipumua kwa shida, usimalize hata kusoma sentensi hii. Hivyo ndivyo vya kuogopa. Shingo yenye maziwa haimo.

Yule mteja wako mhubiri mpe kochi lake aende. Mwenyewe umekiri hukumwamini, ulimkodi tu akusemee.

Na kadi! Baba wewe, kadi ni karatasi. Kliniki wana daftari lao, jina la Bosi limo, watampa kadi nyingine na watakusema kidogo, nawe utanyamaza usemwe. Kisicho na nakala ni siku. Yapo matone ambayo umri ukishapita mtoto hapewi tena, hata uje na kadi ya dhahabu. Bado hamjafika huko, lakini sitaki uanze kupima umbali.

Njia uliyoomba ipo, na ni fupi kuliko ya kwenda saluni kudanganya. Akianza kutapika, kaa chini sakafuni hapo hapo, mtoto mikononi. Miguu yako ina tabia ya kuondoka, na mtu aliyekaa hakimbii. Mlaze Bosi kwa ubavu juu ya mapaja yako, mpanguse mdomo. Hesabu kwa sauti kama unavyohesabu tundu za mshono. Utatetemeka. Tetemeka. Hakuna aliyesema mikono ya baba lazima itulie, tumesema iwepo. Huwezi peke yako? Basi siku hiyo mwite Msumari aje kukaa nawe, wema wake ufanye kazi moja ya maana. Halafu waombe pale kliniki wakuelekeze kwa mshauri wa afya ya akili, uende, urudi, uende tena. Hofu ya miaka yote hiyo hufumuliwa kama kochi kuukuu: huanzi kwa kupasua kitambaa, unang'oa pini moja, unapumua, unang'oa ya pili. Na ya kwanza umekwisha kuing'oa. Neno lenyewe umeniandikia, mkono wako haukukatika.

Nije kwenye bahasha. Barua yako ilifika kwa mkono Jumatatu ileile uliyoiandika, na ukurasa huu hutoka Jumamosi, na mimi si mtu wa kumweka mtoto foleni ya gazeti. Nilikupigia siku ileile. Nikakuambia mawili: kesho asubuhi kliniki, na mkeo aambiwe na mdomo wako kabla hajaambiwa na ukurasa wangu, kwa sababu nitaichapa barua yote kama ulivyoiandika. Ukajibu, "Chapa, Shangazi," kwa sauti ya mtu aliyebana pini midomoni. Nilipenda jibu hilo. Sijui kama ulikwenda. Ulisema utanipigia, na simu yangu imelala kifudifudi mezani tangu siku hiyo kama inanionea haya.

Kwa hiyo la mwisho simwandikii fundi wa makochi. Namwandikia dada anayesoma kwa sauti.

Dada yangu wa nguzoni, kama mumeo alikwisha kukuambia, ruka mistari hii umalizie kumcheka. Kama hakukuambia, simama hapo hapo usikie: kadi hukuipoteza. Iko saluni, mkono wa kushoto, na wala hukuchanganya karatasi yoyote. Wewe ni mama aliyesubiri miaka kumi na moja na hajapoteza kitu. Mfokee leo kutwa, na kesho ukitaka. Vyombo akivunja, avilipe. Ila Jumatatu asubuhi, akiwa anakwenda kliniki, nyamaza kidogo, mpe kitambaa, na Bosi abebwe na baba yake. Bega lilelile.