Kilango Kilichotulia Ghafla

Jumatatu, 6 Oktoba

Hesabu ya kompyuta imegoma tena! Mara ya kumi na tisa. Programu moja inahesabu maji, nyingine inahesabu mtikisiko wa kilango cha mpira kinachofungua na kufunga maji ndani ya bomba. Kila hatua zinapeana namba. Maji yanasukuma, mpira unatetemeka, maji yanajibu kwa nguvu zaidi — mpaka namba zinapaa na kila kitu kinazimika. Ijumaa kilango chenyewe kinajaribiwa karakana. Atakayesimama kando ya bomba ni shemeji, mume wa dada. Mkuu anasema bila matokeo yangu hakuna jaribio.

Jumatano, 8 Oktoba

Imepita!

Jana jioni niliiwasha bila matumaini nikaenda zangu nyumbani. Leo nimeikuta imemaliza, mistari yote ya grafu imetulia kama maji ya mtungini. Mkuu kanipigia makofi mbele za watu, ripoti kaichukua hapo hapo. Nikacheka, lakini moyo haukucheka. Ugonjwa wa wiki tatu haujiponyi wenyewe. Na Mtulivu, jirani yangu wa meza, aliyerudi kutoka likizo leo — hakushangaa hata kidogo. Kwa nini?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemchunguza Mtulivu kutwa. Chai anainywea nyuma ya kiti changu. Kaniuliza nimewezaje. Ya nini? Mradi huu aliutaka yeye. Kikulacho ki nguoni mwako! Nimebadilisha nywila.

Dada kapiga simu. Eti mumewe anatamba karakana nzima: kilango kimepimwa na shemeji yangu, sina wasiwasi. Nikasema vizuri. Nikakata simu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa mbili asubuhi. Nimekagua faili mstari kwa mstari. Uzito wa mpira: kilo 7,800 kwa mita ya ujazo. Hicho ni chuma! Mpira ni 1,100 hivi. Ndiyo maana kimetulia — maji hayawezi kukitikisa. Cha kweli chepesi, kinaweza kupiga-piga mpaka kichanike. Nimekukamata, Mtulivu! Nikafungua kumbukumbu ya mabadiliko nilione jina lake.

Jina langu.

Jumanne, saa tisa alasiri. Yeye hakuwepo hata. Nimekumbuka. Nilijisemea: niuongezee uzito, nione tu kama tatizo ni wepesi, halafu nitarudisha. Sikurudisha. Aibu gani hii!

Saa tatu u nusu. Nimempigia shemeji. Maji yanafunguliwa saa nne. Nikamwambia asifungue, asogee mbali. Akacheka — wacha kunitisha, shemeji, si wewe uliyekipima? Halafu akasema hana ruhusa ya kusimamisha kazi kwa maneno ya simu. Mkuu yuko kule kule; nimwandikie, na sababu niiweke.

Mtulivu kaniuliza kama naumwa. Kaniletea maji. Sikuweza kumtazama.

Barua iko wazi kwenye kompyuta. Nimeandika: Simamisheni jaribio, uzito wa mpira ulibadilishwa. Bado sijaandika na nani. Nimefuta, nimeandika tena vile vile.

Saa nne kasoro dakika nane.